Mama Amekwisha Rudi Shabunda, Nimebaki Mimi

Ibanda, Bukavu
Tarehe 19 Agosti 1978

Mpendwa mdogo wangu Firmin,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba hii yenye vumbi. Kile kikohozi kimekuacha? Na huko Ubelgiji wanakulisha nini, au bado ni viazi asubuhi na viazi jioni? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Bomba linatoa upepo tu tangu Jumatatu, kwa hiyo tunashuka ziwani na bidoni kuteka maji. Jeanine ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka huku amefunika mdomo kama bibi harusi. Edouard aliumwa masikio lakini amepona. Shemeji yako Xavier ni mzima, amekonda kidogo. Mimi pia ni mzima, kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima akikaa kwenye kiti kutwa.

Najua habari unayoingojea ni ya Mama. Mama amekwisha rudi Shabunda. Aliondoka wiki iliyopita kwa lori la wale wanaopeleka chumvi na kurudi na mawese, na mjomba wetu Tonton Stanislas ametujulisha kwa fonie, ile redio ya mapadri, kwamba amefika salama. Usiwe na hofu. Lakini jinsi alivyoondoka lazima nikueleze mimi mwenyewe, kabla Xavier hajakuandikia kwa namna yake.

Unakumbuka Mama alikuja kwa ajili ya macho. Walimpasua vizuri sana, hata akaanza kuona uchafu wa sahani zangu. Ilikuwa arudi baada ya Pasaka akalime karanga zake. Ndipo zikafika karatasi za profesa.

Sijui kama umewahi kukutana na bwana huyo, maana mko mji mmoja. Yeye anakusanya lugha za dunia nzima, za watu wa barafu na za watu wa jangwa na zetu za msituni, aone kila moja inavyojengwa, wapi zinafanana na wapi zinaachana. Anatuma sentensi zilezile kwa Kifaransa kila mahali, na mtu wa pale anatafuta zinavyosemwa kwao. Xavier alipewa Kilega. Yeye ni Mushi, Kilega chake kinatosha kununulia ndizi tu, lakini alikuwa na mama mkwe Mulega ndani ya kiwanja. Profesa ameahidi kwamba kazi ikiisha vizuri, atamwita huko amalize masomo ya doktora. Tangu nimfahamu, Xavier anaota doktora hiyo. Akaniambia Mama abaki kidogo.

Sasa fikiri mwenyewe: mkwe na mama mkwe! Kwa Bashi kama kwetu, hawa hawatazamani usoni wala hawaongei mdomo kwa mdomo. Hata kule kulala kwake kwetu kulikuwa aibu, ndiyo maana tulimweka boyerie, kile chumba cha mtumishi nyuma ya nyumba, akala huko peke yake. Basi Xavier akapanga kazi hivi: yeye kwenye meza ya kulia, Mama jikoni kwenye kiti kifupi, kitenge kimetundikwa mlangoni, na mimi kizingitini, mguu mmoja huku na mmoja huko. Xavier anasema, mimi ninageuza, Mama anajibu, mimi ninarudisha. Wanasikiana hata kupumua, lakini neno lazima lipite kwangu. Nikaomba ruhusa kwa Directrice Colombe, mkuu wa shule yetu, nikaacha darasa langu la pili kwa mwalimu mwingine. Nilisema ni wiki chache. Zikala karibu mwaka wote wa shule uliobaki.

Mwanzoni tulicheka sana. Karatasi ilitaka farasi, na Mama akauliza, "Farasi njo nani? Iko anakaa wapi?" Ikataka theluji, tukaiacha. Ikataka "Mtu yule amemwona nyoka nyumbani," na Mama akashtuka: "Nyumba ya nani? Balimuua?" Nilimweleza kwamba hakuna nyoka, ni mfano tu. Hakusadiki. Alimtuma Edouard apige fimbo chini ya kitanda chake, na jioni akauliza tena kama nyoka amepatikana.

Siku ilipokuja sentensi "Mtoto wa mwanamke yule amekufa," hakucheka mtu. Mama alitema mate chini, akasimama, akasema, "Nani anamutakia ule mutoto kifo? Mutu anaweza kusema vile na mudomo yake?" Akaenda zake boyerie, na kazi ikafa siku ile. Xavier alibadilisha mtoto akaweka mbuzi. Nadhani profesa wenu hatajua kamwe kwa nini katika nchi yetu wanakufa mbuzi tu.

Halafu nikaona jambo ambalo Xavier hakuliona. Ukimwambia Mama, "Mwanamke amenunua nguo," anajibu, "Mwanamke amefunga mizigo." Ukimwambia, "Watoto watakula kesho," anajibu, "Watoto watamsindikiza mama yao kesho." Nilirudisha kama alivyosema. Xavier aliandika yote kwa furaha, kwa sababu alichokuwa anatafuta kilikuwemo ndani: jana, leo, kesho, mmoja, wengi. Alisikia jinsi Mama anavyosema. Anachosema hakukisikia hata mara moja, na mimi nilikaa pale katikati nikiona haya kwa niaba ya wote wawili.

Nilijaribu kumwambia Xavier wazi. Alinijibu kwa upole, ndiyo tabia yake, kwamba bado kidogo, na kwamba Mama anakula vizuri na macho yanaangaliwa. Na Mama naye! Asubuhi moja alikuwa anatazama ziwa kutoka uani, akasema maji gani haya yasiyokwenda mahali, siyo kama mto wetu Ulindi. Xavier alimsikia kupitia dirishani, akanituma nimwambie kwamba yanatoka, yanatokea kule chini kwenye mto Ruzizi. Mama akasema, "Basi na mimi banionyeshe Ruzizi yangu." Sikuipeleka hiyo kwa Xavier. Nilichoka.

Sasa sikiliza ilivyokwisha. Karatasi ya mwisho mwisho ilikuwa ya hesabu. Profesa anapenda sana kujua watu wa kila nchi wanavyohesabu, na kama mikono nayo inasema. Sentensi ilikuwa, "Mwanamke huyu ana watoto saba." Unajua kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo. Mama akasema, "Uyu mwanamuke, batoto yake iko hivi," akainua mikono yake. Nikamwambia Xavier ameonyesha kwa vidole. Akauliza, vipi? Nikajaribu kumweleza kwa maneno, nikashindwa. Nikajaribu kumwigia kwa mikono yangu, nikakosea, kwa sababu mimi hesabu nilifundishwa na masista, kwa ubao. Mama akarudia, polepole, vidole hivi vimekunjwa na hivi vimesimama. "Iko hivi. Na tena hivi." Xavier upande wa pili alikuwa anahangaika kama mtu aliyesikia chungu kikichemka naye hajala.

Firmin, alisimama akafunua kitenge. Aliingia jikoni, akapiga magoti mbele ya Mama, akaitazama mikono yake, halafu akamtazama usoni, akasema mwenyewe, "Mama, rudilia! Rudilia tena!"

Mama alishusha mikono, akajifunika kichwa chote na kitenge chake, akageukia ukuta. Na mimi niliyekuwa nimeiona ile mikono vizuri kabla haijashuka, nilijua haikuwa sentensi ya profesa. Alikuwa ametuonyesha sisi, wewe na mimi, pamoja na wale wote aliowazika. Nililia palepale kizingitini. Xavier alidhani nalia kwa sababu ya kosa lake.

Mila ya ukoo wetu unaijua. Mkwe akimjia mama mkwe uso kwa uso namna ile, mama hawezi kulala tena katika kiwanja chake. Anarudi kwake, na mkwe anapeleka mbuzi na kitenge mpaka mlangoni pake, na kabla havijafika hawapeani neno hata kwa kupitia mtu. Xavier alinisihi nimwombe radhi. Mama akanijibu mimi tu, "Ambia bale banaulizaka kama sina kasirani. Lakini mila ni mila." Nilipokwenda boyerie kumsaidia kufunga, nilikuta vitu vyake vimekwisha fungwa, na kamba zimekazwa.

Mbuzi ilisafiri katika lori lilelile. Mama alikaa mbele karibu na dereva, mbuzi nyuma juu ya magunia ya chumvi, na ilipolia Mama alijifanya hajui ni ya nani. Kabla halijaondoka nilimwuliza, chini ya mlango wa lori, kama alijua Xavier atafunua pazia. Alinitazama kwa yale macho mapya. "Mutego haiiti nyama kwa jina," akasema. Nilicheka, na naye akacheka. Halafu akanishika mkono akasema, "Twende."

Watoto walikuwa nyumbani, sufuria ilikuwa jikoni, darasa langu lilikuwa kule juu ya kilima. Mama aliona, akaniachia mkono taratibu. Akasema kwake yeye kulikuwa na mila ya kumtoa, lakini mke, mume wake anaruhusiwa kumtazama usoni kila siku. Lori likaondoka.

Kesho yake Xavier alishusha pazia, akalikunja vizuri, akachukua kiti changu kutoka kizingitini akakiweka mezani, mbele yake. Anasema mimi pia nimenyonya Kilega. Karatasi mpya zimekuja, nene kuliko za kwanza. Ninatoka sokoni, tunakaa. Ninamaliza kufua, tunakaa. Hakuna wa kusimama katikati, na hakuna kosa ambalo Xavier anaweza kunifanyia mezani pake likanifungulia mlango. Nimelitafuta. Directrice Colombe alikuja mwenyewe kuniuliza kama Septemba ninarudi, na Xavier akamjibu kabla yangu, "Bado kidogo, Directrice." Unajua hapa kwetu mwanamke aliyeolewa hafanyi kazi bila saini ya mume. Kalamu aliyonayo mkononi inaandika sentensi zangu, haiandiki saini hiyo.

Simchukii. Naye amefungwa: ruhusa ya kutoka nchini anaingojea kutoka Kinshasa, jibu la profesa analingojea kutoka kwenu, na mara nyingine namkuta amesimama dirishani, koti lake la abacost limefungwa vifungo vyote, kama mtu anayekwenda mahali. Hanipigi, hanitukani. Ananisikiliza kuliko mume yeyote hapa mtaani, na hajui hata nusu ya ninalomwambia.

Nimekuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kilega chetu, kwa sababu barua ya Kilega angeiweka mezani na kuanza kuipigia mistari. Wewe soma tu ninachotaka. Nataka kurudi kufundisha. Nataka asubuhi niingie darasani, watoto wasimame, na nikisema neno lifanyiwe kazi, lisiandikwe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, vaa suti yako nzuri, nenda kwa profesa huyo. Umwambie shemeji yako ana akili, ana bidii, karatasi zilizobaki anaweza kuzimalizia huko huko. Amwandikie barua yenye mihuri mingi, ile ambayo wakubwa wa Kinshasa hawaikatai. Amwite sasa, na kabla ya safari saini yake ya kunirudisha kazini nitaipata, hilo niachie mimi. Wote watasema Domitille anampigania mume wake, na mimi nitawaacha waseme. Na profesa akiuliza kwa wema kama mke na watoto wafuate, Firmin, nakuomba kwa jina la mama yetu, sema tiketi ni moja.

Jeanine na Edouard wanakusalimu, wanataka picha yako ukiwa ndani ya ile theluji. Colombe anakusalimu. Tonton Stanislas anasema usioe huko bila kumjulisha. Xavier pia anakusalimu sana, yuko hapa mbele yangu, ananiuliza naandika nini kwa muda mrefu hivi. Nimemwambia ninawaombea wewe na yeye.

Mungu akulinde barabarani na katika masomo, na mwaka huu asisahau mtaa wetu.

Ni mimi dada yako akupendaye, ninayengoja,

Domitille