Miti 214 ya Rhonda

Jumanne, 8 Aprili 2025
Nimemaliza kulinganisha picha za setilaiti, za 2010 na za mwaka huu. Mtaa wa Rhonda zamani ulikuwa na mabaka ya kijani kila mahali. Sasa ni mabati tu. Mabati, mabati — halafu uzi mmoja wa kijani kando ya ule mtaro mkubwa. Labda ni kosa la picha. Kesho naenda kujionea.

Jumatano, 9 Aprili
Si kosa. Ni miti. Nimetembea mtaro mzima na simu, kila mti naupigia alama. 214. Mianzi, miparachichi, mingine sijui majina.

Mathe mmoja anayeuza miche hapo akaniuliza napima nini. Anaitwa Mugure. Mafuriko yalimbomolea nyumba, ndipo yeye na akina mama wenzake wakaanza kupanda. Anasema siku hizi maji yakifika kwa miti yanatulia, yanaingia chini. Akanishika mkono.

“Watu wa ramani wakija, huwa tunahamishwa.”

Nikamwambia hii ramani ndiyo itawalinda. Niliahidi kabisa.

Ijumaa, 11 Aprili
Dalmas, bosi wangu, ametazama ule uzi wa kijani akaniambia nibadilishe niandike “ardhi tupu”. Ati barabara mpya itapita hapo na mwenye mradi hataki maswali. Nikamwambia si tupu, nimehesabu.

“Miti iliyopandwa bila kibali haihesabiki, Cherono.”

Haihesabiki! Na mimi nimeigusa mmoja mmoja. Nikakataa. Akaendelea kunywa chai yake, pole pole. Huo utulivu ndio uliniudhi zaidi.

Jumatatu, 14 Aprili
Dalmas amebadilisha ramani mwenyewe. Na jina langu ameliacha pale chini: Imetayarishwa na Cherono. Kwa hasira chakula cha mchana kimenishinda. Winrose wa dawati la pili ananiambia ninyamaze, kazi ni ngumu kupata. Ni kweli. Najua ni kweli. Lakini huo uongo una jina langu.

Jumatano, 16 Aprili
Ukumbi wa kanisa, Rhonda. Naandika daftari likiwa magotini. Mkutano wa wananchi kuhusu barabara. Ramani imetundikwa mbele, kubwa kama shuka. Mugure amesimama. Hapigi kelele. Anauliza tu miti yao iko wapi hapo.

Dalmas anasema picha imepigwa kutoka juu, na kamera haina upendeleo. Halafu — siamini — anasema aliyechora yuko hapa, aulizwe yeye.

Watu wamegeuka. Mugure ameniona. Ananiangalia kama mtu asiyenijua.

Faili ya kwanza bado iko kwa simu yangu, alama zote. Dalmas anatabasamu, ana uhakika nitainamisha kichwa. Maikrofoni inapitishwa safu kwa safu. Imefika kwa jirani. Wacha nisimame kabla sijaanza kufikiria kodi ya nyumba na—