Mama, Usitie Dole Gumba

Waithaka, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini goti lile limekuachia, na kwamba sasa unashuka bondeni bila fimbo. Mimi nipo, homa sina, ila nimechoka. Ni uchovu wa macho na mgongo, na Jumapili moja haiumalizi. Huku ni ukungu na manyunyu tangu mwezi uanze, hata kuta za chumba changu zinatoa jasho. Wakesho, dada yangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali, hata pale ninapojisema vibaya.

Mama, unajua kazi yangu ni kuchora ramani za vitabu vya shule. Miezi miwili sasa nachora mkoa mmoja wa Amerika ya Kusini, juu kabisa katika milima ya Andes. Magharibi kuna vilele vya theluji. Mito inateremkia mashariki kwenye misitu ya joto, na katikati kuna uwanda wa baridi usio na miti, ambako watu hufuga mnyama mwenye shingo ya ngamia na manyoya ya kondoo. Viazi vyao huviacha nje vigande kwa baridi, kisha huvikanyaga kwa miguu kuvikamua maji, na vikishakauka hukaa ghalani miaka. Mkuu wa mkoa huletwa na serikali kutoka mji mkuu ulio pwani, na siku za kwanza huumwa kichwa kwa hewa nyepesi. Chini yake wako wakuu wa wilaya. Lakini maji ya mfereji leo yaende kwa nani, hilo huamuliwa na mzee wa kijiji mwenye fimbo iliyovikwa pete za fedha, na hapo mkuu wa mkoa hana neno. Nilipofika hapo nilimkumbuka marehemu Baba akigombania zamu yake ya mfereji.

Sasa nikueleze kosa langu. Katika maelezo niliyopewa, kila familia kule ina vishamba vitatu, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini. Nikavichora hivyo. Bwana Otieno, mkubwa wetu wa chumba cha kuchora, akapita nyuma yangu.

"Mwakio, hii mashamba yako imetapakaa kama surua. Unganisha hiyo kitu, peji ikae smati."

Sikubisha. Nikaunganisha, nikapaka kijani, ukurasa ukapendeza. Alhamisi akaja padre mzee aliyeandika sura ile, ambaye aliishi kule miaka mingi. Akaweka kidole kwenye shamba moja la kijani.

"Nani ameunganisha haya?"

"Ni mimi, Padre."

"Baridi ikiua viazi vya juu, hawa watu wako watakula nini?"

Nikaweka kalamu chini. Akavuta kiti, akanieleza bila hasira. "Maofisa wanapanda kutoka mjini, wanaona fujo. Si fujo. Ni ghala tatu."

Mama, hapo nikayakumbuka mashamba yetu. Mwezi uliopita ulipouliza kuhusu kamati ya ardhi, kwamba wanataka kuchukua mashamba yetu matatu wakupe kipande kimoja huko juu kando ya barabara, nilikujibu nini? Nilikuandikia ukubali. Niliyaita maendeleo. Nawe ukasema kwa kuwa Baba hayupo, utafuata neno langu. Nilisahau mwaka ule viazi vya juu vilipooza kwa ukungu tukaishi kwa mahindi ya shamba la chini, kule tambarare. Nilisahau mwaka tembo walipoyamaliza mahindi yenyewe, tukala ndizi za shamba la katikati, la bondeni, mpaka mvua nyingine. Na nilizila mimi, kwa mdomo huu huu.

Nikuambie na lililobaki. Nilikipenda kile kipande cha barabarani kwa sababu nilitaka kujenga hapo nyumba ya mawe ya kufikia nikija likizo. Nilikuchagulia shamba la mtu asiyelima. Naona aibu, Mama.

Ijumaa niliomba ruhusa nije nisimame mbele ya kamati. Bwana Otieno hakuinua hata kichwa. "Kitabu inaenda kwa printa Ijumaa ijayo. Ukienda, usirudi." Si mtu mbaya, naye ana wakubwa wake. Bila kazi hii Wakesho atatoka shule, kwa hiyo nimerudi mezani. Barua nampa jirani yangu dereva wa lori, anayeondoka kesho asubuhi kwenda Mombasa. Ataiacha Voi kwa mjomba mwenye duka, awaletee nyumbani. Posta siiamini kwa jambo hili, maana kamati inakaa Alhamisi hii inayokuja.

Usitie dole gumba kwenye karatasi yao, Mama. Wakikuambia mwanao alikwisha kukubali, waambie mwanao alikosea. Wakikasirika, waache wakasirike.

Msalimie baba mdogo, mzee wa kanisa, na umwombe akusindikize siku hiyo, maana wanamheshimu. Msalimie shangazi anayekuchotea maji, na mwalimu aliyenifundisha kushika rula. Huyo usimwambie habari ya ramani yangu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimekuchorea mashamba yetu yote matatu uionyeshe kamati. La juu nimelimaliza, na la bondeni pia, hadi mgomba wa mwisho. Mkoa ule wa Andes nauchora mpaka wake wote bila kutazama kitabu. Lakini shamba la chini nililianza mara nne nikafuta, sikumbuki linaishia wapi. Upande huo nimeuacha wazi. Nenda na Wakesho, umwonyeshe kwa kidole, auchore yeye.

Ni mimi mwanao,
Mwakio