Maji ya kisima chetu inawaka

Banza mwanangu, we kichwa ngumu! Nani alikutuma kuchimba choo karibu na kisima?

Nilibeba bidon ya maji yetu mpaka Kolwezi, ili nisinywe maji yao ya migodini. Mutoto wa dada yako, ule anayesoma chimie, ni kusema kemia, akatia kidogo ndani ya dawa yake. Anasema mule muko molekuli kama pete mbili zenye kushikana, na iode yake, ile iodini, inakamata nitrati ya choo, ikikamata, inawaka mwangaza kama taa. Maji ya robinet yake, ile bomba ya nyumbani, ikanyamaza. Yetu ikawaka!

Akaniambia mimi bibi yake: “Nkambo, nitrati hii inanyima damu ya mutoto muchanga pumzi.”

“Tutachemsha.”

“Kuchemsha haiitoe.”

Bukari ya hapa, ugali wao, ni nzuri, lakini sikumaliza. Nabusu mujukuu wangu mudogo, mutoto wako muchanga. Leo hii maziwa yake ya unga mukoroge na maji ya pompe ya misioni, na kile kisima ukifunge.

Mama yako