Biashara Iliyotufungia Milango

Payson, Utah
11 Machi 1999

Mdogo wangu mpenzi Janeal,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba theluji ya huko Idaho imeanza kuwahurumia. Sisi tunaendelea. Mume wangu Dwight sasa anafika kwenye sanduku la barua bila mkongojo, na ameanza kulalamikia mapishi yangu, kwa hiyo najua amepona.

Barua yako nimeipata. Unasema mama mmoja aitwaye Renae anakupigia simu kila siku akikualika kwenye biashara ya mtandao wa wauzaji, ya mafuta ya mimea, hii hii ninayoifanya mimi, nawe unataka kuacha kazi yako ya jikoni pale shuleni. Unaniuliza kama ni biashara nzuri. Nisikilize kabla hujaacha kazi.

Renae ndiye aliyeniingiza, miaka miwili sasa. Ana ulimi wa asali yule, na wewe unajua kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipomuuliza mafuta yanatibu nini, akasema niulize hayatibu nini. Siku nyingine nikamwomba anionyeshe mtu mmoja tu anayeyanunua bila kuyauza. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia niache ushamba, shoga yangu, pesa iko kwa watu, haiko kwenye chupa. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Biashara nzuri ni ile ambayo jirani atanunua kitu kwa sababu anakitaka, na usipomwingiza mtu mwezi huu bado utakula. Yetu, usipoingiza mtu, unashushwa cheo.

Na niliwaingiza kweli. Unajua tunavyopangiwa nyumba za akina mama wa kanisa, kuwatembelea kila mwezi na kuwajulia hali. Mimi nilikwenda na neno la Mungu mkono mmoja, chupa mkono wa pili. Dada LaRue, mjane wa watu, alichukua sanduku zima; limekaa gereji kwake mpaka leo. Baadaye nikawa nikisimamisha gari, mapazia yanafungwa. Nikasema wana wivu. Renae naye alisema hivyo hivyo.

Januari Dwight akapasuliwa nyonga. Hapa mtu akiugua, chakula humtangulia nyumbani, viazi vya jibini na jeli ya kijani hata friji inakosa nafasi. Kwetu zilipita siku nne, hakuna aliyegonga. Dwight akaniuliza tumemkosea nani. Nilimwambia barabara ina barafu.

Siku ya tano aligonga jirani mpya, Dada Ofa, mtu wa visiwa vya Tonga, ameshika bakuli lililofunikwa. Nikamchungulia dirishani nikijiuliza huyu naye anauza nini. Kisha nikajificha nyuma ya friji, Janeal, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na miwili! Akaliacha bakuli mlangoni. Nililipekua nikitafuta kadi ya biashara, nikakuta viazi, na kwenye kitako amebandika jina lake, kama tunavyofanya sote ili chombo kirudi. Mpaka leo sijakirudisha. Naogopa nikigonga kwake, naye atajificha.

Sasa nikuambie lililo gumu. Renae hakukupata kwa bahati. Namba yako nilimpa mimi. Majirani walikuwa wameniishia, cheo kilikuwa kinashuka, na nilihitaji jina moja la kukaa chini yangu. Nikamwomba akupigie yeye, usijue namba imetoka kwangu. Barua yako ilipofika nilifurahi, nikijua ukiniuliza mimi umekwisha kukubali. Nikasoma tena pale ulipoandika kwamba unaniuliza kwa sababu sijawahi kukudanganya. Nililia, mdogo wangu, na nilistahili kulia. Nisamehe ukiweza. Ila usijiunge, wala usiache kazi yako.

Msalimie sana shemeji, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Dwight anakusalimu; habari ya namba hajui, nitamwambia leo mezani. Mungu awatunze. Na Renae akikupigia tena, akakuambia ametumwa na dada yako, hasemi uongo. Kata simu.

Ni mimi dada yako,
Verlene