Utani Niliomfanyia Mama Zuhura

Alhamisi, Masasi.

Sijui mdomo wangu ulitumwa na nani.

Wazo lilikuwa langu: viongozi wa matawi ya chama chetu cha wauguzi wapangwe wawili wawili, washauriane, wapeane moyo. Mimi nikapangwa na Mama Zuhura, mwenyekiti mpya wa Newala. Wiki iliyopita, tulipokutana Kitangari, aliniambia kitu ambacho hata mumewe hajui. Kabla ya kuonana na wakubwa huwa anatapika kwa woga. Nikamwambia, "Yatabaki hapa."

Leo kikaoni utani ukapamba moto, mimi Myao, yeye Mmakonde, watani wa jadi. Akasema Wayao tunaongea mpaka chai inapoa. Watu wakacheka. Nikamjibu, "Afadhali sisi! Huyu mwenzenu, mganga mkuu wa wilaya akikohoa tu, anakimbilia chooni kutapika."

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye pia alicheka.

Baada ya chakula akamwambia katibu atafute mtu mwingine wa kwenda Jumatatu kwa mganga mkuu, kuwasemea wauguzi wa zahanati ya Mnyambe wanaozalisha usiku peke yao. Mwingine hakuna. Yeye ndiye aliyefanya kazi kule. Na wale tuliowapanga wawili wawili, mchana kutwa kila mtu aliinamia simu yake, akiogopa kumwambia mwenzake la moyoni.

Nilimfuata nje. "Mama Zuhura, nisamehe."

"Nikusamehe nini, baba? Si utani tu?"

Bora angenitukana. Kwetu utani hauna kesi, kwa hiyo sina hata pa kulipeleka kosa langu.