Farasi wa Kumpeleka Mama Bondeni

Baba,

Shikamoo. Ningekuwa nakupigia simu, ungeniuliza kama wanafunzi wangu wa Kibiti wanasoma au wananichezea tu, kisha ungeingia kwenye habari za farasi. Leo habari za farasi ninazo mimi, na wewe ndiye ninayetaka kukusimulia.

Daftari lako tulilikuta baada ya arobaini, Mama alipotoa nguo zako tuzigawe. Lilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la mvua. Kurasa zote ni safari moja tu: kutoka nyumbani Chumbi, kushuka bondeni mpaka kwenye kitongoji chetu cha zamani, kile mlichokihama kwa mafuriko kabla sijazaliwa. Umechora njia. Umeandika pa kupumzika, pa kulala, maji yaliko, mbung'o waliko. Umeandika vya kubeba: hema, turubai, sufuria mbili, chumvi, mto wa Mama. Na juu kabisa, Zabibu, yule farasi jike uliyemtunza miaka yako ya mwisho kazini Dar es Salaam.

Kaka Seif alilisoma amesimama, akalifunga. Akasema, "Farasi, Rufiji hii? Watu watatucheka." Mimi, Baba, nilikuwa nimekwisha kucheka siku nyingi. Unakumbuka uliniomba nikuazimie hema la skauti wa shuleni? Nikakwambia nitamuuliza mwalimu mkuu. Uliuliza tena mara ya pili, na ya tatu. Sikumuuliza. Nilidhani ni mambo ya mzee aliyestaafu anayetafuta la kufanya. Nikakujibu, tena kwa sauti ya mwalimu, kwamba umri wako ni wa kupumzika.

Mama alikuwa amekaa kitandani, shati lako mapajani. Akasema, "Baba yenu hakuwa anapanga matembezi. Alikuwa ananipeleka kwa Mwanaidi."

Ndipo akatueleza. Tulijua tu kwamba kabla ya Seif kulikuwa na mtoto aliyefariki. Hatukujua kwamba alifika miaka mitano, kwamba alikuwa anaimba akitwanga, kwamba homa ilimchukua kwa siku mbili. Siku ya maziko wanaume walikwenda, wanawake wakabaki ndani, Mama na Seif mchanga mgongoni. Mwaka uliofuata maji yakaja, mkahama. Hakuwahi kuliona kaburi. Miaka yote hiyo hakuwahi kukuomba, mpaka juzijuzi tu alipokwambia kwamba hataki kufa hajaliona. Ukamwambia utampeleka. Gari halifiki kule, pikipiki ilishamvunja nyonga na hapandi tena, na kwa miguu hawezi. Ukamkumbuka Zabibu.

Seif alitoka nje. Aliporudi hakuwa anazungumzia tena watu kucheka, alikuwa na swali jingine: kama inafaa mwanamke kwenda kaburini. Akamwendea sheikh wetu baada ya Alasiri. Sheikh akamwambia, mama akienda kwa utulivu akamwombea mwanawe dua, yeye haoni wa kumzuia ni nani. Seif akarudi, akalichukua daftari, akaanza kulisoma upya kwa kalamu mkononi. Tangu siku hiyo safari ikawa yake kuliko yangu.

Tulipanga kwa majuma matatu. Nilimuuliza mwalimu mkuu habari za hema. Akanijibu hapo hapo, "Lichukue." Neno moja tu. Nikaenda stoo nikafunga mlango, nikakaa juu ya magunia ya mahindi ya uji wa watoto, nikalia mpaka kengele ikagongwa.

Mzee Hamisi, mwenzako wa kazi, ndiye aliyezungumza na mwenye farasi. Yule bwana alikataa kwanza, akasema mbung'o watamwua mnyama wake. Mzee Hamisi akamsomea kwenye simu maneno yako, niliyokuwa nimempigia picha nikamtumia: kwenda kiangazi, kukwepa msitu wa chini, kumchoma sindano ya kinga kabla hajatoka Dar, moshi wa samadi kila mnaposimama. Akakubali, kwa sharti Mzee Hamisi aje naye. Wakafika Chumbi kwa lori. Zabibu alipoteremka, watoto wa mtaa mzima walinyamaza. Nilitarajia kelele.

Mama alipandia kwenye baraza ya nyumba. Mzee Hamisi ameshika hatamu, Seif ameshika kiuno cha Mama, mimi nimeshika mto. Tulikuwa tumejiandaa kumtuliza. Alikaa, akavuta kanga vizuri, akasema twendeni.

Hatukwenda mbio. Seif alitembea kando yake njia nzima na daftari kwapani, akituamuru tusimame kila ulipoandika tusimame. Sehemu moja ulikosea, Baba, kijito kilihama masika yaliyopita, ikabidi tuzunguke mashamba ya mpunga ya watu. Jioni tukapiga hema kwenye kile kiinuko ulichokichagua, mbali na mto kwa ajili ya viboko. Zipu ya hema ilikuwa mbovu, tukaibana kwa pini za mtandio wangu. Tukala wali na kambale. Mama alieleza Mwanaidi alivyokuwa anamwiga bibi yake kutembea, akainuka na nyonga yake ile kutuonyesha. Mzee Hamisi alicheka mpaka akaweka sahani chini. Sikumbuki kama niliwahi kuwaona Mama na Seif wakizungumza muda mrefu vile.

Tulifika kesho yake kabla ya Adhuhuri. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba hatutaliona kaburi. Kitongoji hakipo, ni mashamba ya mahindi na madungu machache, vibanda vya miguu mirefu vya kuwingia ndege. Tukamwuliza mama mmoja aliyekuwa anapalilia, Bi Tatu. Seif hakumaliza hata kueleza. Bi Tatu akauliza, "Nyie ni watu wa mzee wa baiskeli?"

Akatupeleka. Kaburi lilikuwa limepaliliwa, Baba. Majani mapya yalikuwa yameanza kuota, machache, ya mwaka mmoja. Mawe yamepangwa pembeni sawasawa. Bi Tatu akasema ulikuwa unakuja na baiskeli yako kila mwaka kabla ya mfungo, unapalilia, unasoma, unakunywa maji kwake, unaondoka. Mwaka huu hakukuona, akajua. Aliwahi kukuuliza kwa nini huji na mwenzio. Ukamjibu kwamba Mama hamtaji Mwanaidi, nawe huna moyo wa kumtonesha.

Mama alikuwa bado juu ya farasi. Alisikia yote. Tukamteremsha, akaketi chini, akasoma Fatiha, akaomba dua ndefu kwa sauti ndogo. Kisha akaweka kiganja kwenye jiwe moja na kusema, "Angeniambia. Ningekuja hata kwa kutambaa."

Alikukasirikia, Baba, sitakuficha. Wakati wa kurudi tukalala tena kwenye kile kiinuko. Pale akamwambia Seif kwamba na yeye miaka yote ile hakutaja, alidhani wewe umesahau, na akitaja atakuwa anakulaumu. Mmelala kitanda kimoja maisha yote, kila mmoja analia upande wake ili mwenzake apate usingizi. Siku hizi hasira imepungua. Jana nilimkuta anawasimulia wanawake wa jirani, anasema "mume wangu alikuwa anamlimia mwanetu," anasema kama anayejisifu.

Zabibu alirudi Dar salama. Mzee Hamisi anapiga simu, anasema anakula vizuri, hana homa.

Nakuomba radhi ya hema. Kwa heri, Baba, Mungu akulaze mahali pema na mwanao. Kila mwaka kabla ya mfungo Seif nami tutashuka bondeni kupalilia, na Mama akitaka kuja, tutatafuta cha kumbebea. Na wanangu wakiniomba kitu mara ya kwanza, nitawauliza wanakitakia nini.

Ni mimi binti yako,
Zaituni