Chane ya Juu

Jumamosi. Mvua ilianza kabla sijaamka na sasa ni saa nane mchana, bado inanyesha. Ziwa lote limekuwa la kijivu, boti haijatoka Muleba, na kwenye kona ya chumba changu, pale pale nilipokuwa nimeweka begi la nguo, maji yanadondokea kwenye ndoo. Nimehamisha begi. Nimehamisha na godoro.

Sina pa kujificha. Kisiwa hiki ukikizunguka kwa miguu unarudi ulipoanzia chai yako ikiwa bado ya moto, na mtu ninayemkwepa anakaa mlango wa pili, uani hapa hapa.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo naandika. Alhamisi nilimwita mwenye nyumba wangu mwizi.

Hakuiba.

Nianze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea. Miezi minne iliyopita nilikuwa Bukoba, nimepanga vyumba viwili Kitendaguro, nakagua samaki kwenye kampuni moja inayonunua sangara. Wakaniita ofisini, wakaniambia kuna nafasi kisiwani na mshahara unapanda. Nikauliza kwa nini mimi. Wakasema kwa sababu niko makini. Nikauliza aliyekuwepo amekwenda wapi. Wakasema ameomba kurudi. Nikauliza kwa nini ameomba kurudi, wakatazamana.

Siku ya kuondoka nilipitia mjini kununua ndoo. Muuzaji ni mzee wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki na maduka yao, na aliposikia ninakokwenda akaniongezea mfuniko bure. Nilibeba ile ndoo mpaka stendi nikijiuliza huyu mzee anajua nini nisichokijua.

Wiki ya kwanza nikajua kwa nini walitazamana. Hapa kila kitu isipokuwa samaki kimevuka ziwa, na kila kinachovuka kinapanda bei. Nyanya zinauzwa moja moja. Mchicha unafika umenyauka na bado watu wanaugombania. Mkaa, sabuni, mpaka maji ya kunywa. Wavuvi na wachuuzi wametoka kila mahali, Ukerewe, Mara, Kigoma, wanawafuata samaki, pesa yao iko mkononi leo na kesho wamehama, kwa hiyo anayeuza hana sababu ya kupunguza. Na ukionekana na kitambulisho cha kazi shingoni, bei yako ni nyingine kabisa. Ile nyongeza ya mshahara iliishia kwenye mkaa na nyanya. Chumba kimoja cha mabati karibu na mwalo, pale boti zinapotia nanga, kinagharimu kuliko vyumba vyangu viwili vya Kitendaguro.

Ila cha Mama Kabula. Huyu ni Msukuma wa Sengerema, mjane wa makamo, anakausha dagaa na kuwauza, na ana vyumba vitatu. Changu alinipa kwa nusu ya bei ya wengine.

Kwa nini?

Mimi kazi yangu ni kufungua mashavu ya samaki nione kama bado ni mekundu, kubonyeza mnofu, kunusa. Miaka sita nalipwa ili nisiamini. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nayaona hata jua likiwaka. Nilikizunguka kile chumba kama ninavyomzunguka sangara aliyechelewa kuletwa. Nilijaribu kitasa. Niliwauliza majirani kama kuna mtu alifia humo, wakanicheka. Mwishowe nikamuuliza mwenyewe, naye akajibu, "Wewe kaa tu, utajua." Sasa niambie, mtu mwenye akili zake anasikia maneno hayo halafu analala?

Nikahamia hivyo hivyo, macho wazi.

Halafu zikaja ndizi.

Kwetu Kagoma kununua ndizi ni jambo usilolitangaza. Ndizi zinatoka kibanjani, shamba la nyuma ya nyumba, na anayezinunua maana yake kibanja kimemshinda. Huku zinauzwa kwa kidole, na vidole vyenyewe vyembamba. Nilimweleza mama kwenye simu kwa mzaha, lakini yeye hakucheka. Tangu siku hiyo, kila baada ya wiki mbili ananitumia mkungu. Unatoka Kagoma kwa bodaboda mpaka mwaloni, unapanda boti ya Alhamisi, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Mama yuko peke yake pale nyumbani tangu baba afariki, na mkungu kuushusha kutoka kwenye mgomba si kazi ya mtu wa umri wake. Nimemwambia aache. Haachi.

Boti inafika saa sita, mimi niko mzanini na samaki. Anayeupokea mkungu ni Mama Kabula. Anaufungua, anasema joto la majani litaziivisha, anauning'iniza jikoni kwake mpaka nirudi jioni.

Anaufungua. Yeye. Peke yake.

Mkungu wa kwanza niliufurahia tu. Wa pili nikaona chane ya juu haipo. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo yenye vidole vinene, ile ambayo nyumbani inakwenda kwa baba au kwa mgeni. Limebaki kovu kwenye kikonyo. Wa tatu, vilevile. Nilianza kuvihifadhi vikonyo chini ya kitanda, ushahidi. Naona aibu kuliandika hili lakini ni kweli, mtu mzima nimelala juu ya vikonyo vya ndizi. Kila jioni nilimwamkia, "Shikamoo Mama Kabula," naye akaitikia vizuri, na mimi nikawa naangalia mdomo wake kama una dalili ya ndizi.

Na ile bei ya chumba nikaielewa, au nilidhani nimeielewa. Kumbe anajilipa kwa ndizi.

Alhamisi hii ukaja wa nne. Mchana kutwa nilikuwa nimebishana na wavuvi waliotaka kunipitishia samaki wa jana, nikarudi kichwa kinawaka. Chane ya juu haipo. Mama Kabula alikuwa uani anawapimia dagaa wanawake wawili. Ningeweza kungoja waondoke. Sikungoja.

"Mama Kabula, hii chane ya juu inayokatwa kila mkungu ukipita kwako, huwa inakwenda wapi?"

Wale wanawake wakageuka kunitazama. Yeye alimalizia kwanza kupima, akawafungia mzigo wao, ndipo akanigeukia.

"Koku, mimi nimekulia ugali. Ndizi mbichi hata kuimenya sijui." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mwisho wa mwezi utafute chumba kingine."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Chumba kingine cha uwezo wangu hapa hakipo. Nikikosa hiki, kazi imenishinda; nitarudi Bukoba kama yule aliyenitangulia, nao watatazamana tena. Nililijua hilo palepale, na bado sikuomba radhi. Nilijiambia mwizi akikamatwa lazima akasirike, hilo linajulikana.

Jana jioni nikaenda kwenye mawe, huko ndiko mtandao unakoshika, nikampigia mama. Sikwenda kulia. Nilikwenda kujisifu. Nikamsimulia mikungu yote minne, vikonyo chini ya kitanda, na jinsi nilivyomuumbua mtu mbele ya wateja wake.

"Waitu, Koku," akasema, lile neno la nyumbani la kubembeleza. "Chane hiyo naikata mimi."

Nikauliza anaikata ya nini.

"Naibakiza. Boti yako ikifika saa sita, na mimi nabandika. Jioni unakula, na mimi nakula. Nasema leo tumekula mkungu mmoja." Akakohoa kidogo. "Chakula cha peke yangu hakinipiti kooni, mwanangu. Cha kula na mtu kinapita."

Nitasema ukweli wote hata kama unanivua nguo: kwa dakika nzima nilimshuku hata yeye. Nilidhani anamfichia mwizi ili nisifukuzwe. Nikarudi chumbani nikavitoa vikonyo, nikaviweka mlangoni kwenye mwanga. Cha Alhamisi kilikuwa bado kibichi. Mahali nilipokata mimi asubuhi ya jana, utomvu ulikuwa bado unanata. Lile kovu la juu lilikuwa limekauka, jeusi, limenywea ndani. Chane hiyo ilikatwa siku moja kabla boti haijaondoka. Mtoto yeyote wa Kagoma anayejua kutumwa kibanjani angeniambia bila kuinama. Nilikuwa nimeutazama ushahidi ule kila mkungu ulipofika na nikaona nilichotaka kuona.

Tena mwizi asiyejua kumenya ndizi angejuaje kuchagua chane ya juu?

Samaki siwakosei. Watu nawakosea.

Usiku mvua haikuwapo. Imekuja alfajiri, na kwa tone la kwanza lililonipiga kwenye shavu nikapata jibu la swali langu la miezi minne. Nilihamia wakati wa kiangazi. Chumba ni rahisi kwa sababu kinavuja. Basi. "Wewe kaa tu, utajua." Alikuwa ananieleza bei, mimi nikasikia vitisho.

Tangu asubuhi namsikia ukutani anakohoa, anasogeza masufuria. Nilipotoka kwenda chooni tulikutana mlangoni, nikamwamkia, akaitikia marahaba akiwa anatazama mvua. Najua ninachopaswa kufanya. Mikono tu ndiyo haitaki. Nitamenya ndizi kwanza, mikono ikishapata kazi labda na miguu itafuata.

*

Saa kumi na moja. Narudi kuandika.

Nilipika na maharage, nikafunika kwa yale majani makavu ya mama kama anavyofunika yeye. Nikavuka uani na sufuria kichwani ili isiingie maji. Mama Kabula alikuwa amekaa jikoni kwake na magunia ya dagaa wasiokauka, mvua hii ni hasara kwake. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kujitetea. Nilimweleza kuhusu mama, kisu, ile chane, utomvu. Nikasema nimekukosea, na nimekukosea mbele za watu, Jumatatu nitawatafuta wale wanawake wawili niwaambie kwa mdomo wangu.

Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Nilipofika hapa kutoka Sengerema," akasema, "na mimi nililala na dagaa wangu ndani mwezi mzima. Niliona kila mtu mwizi."

Tukala. Alimega ndizi kwa vidole kama mtu anayepima kitu asichokijua, akasema ni laini. Akaongeza nyingine. Kuhusu chumba alisema fundi wa mabati atakuja mvua ikikatika, na akishaziba, bei itapanda, ila haitafikia ya wengine. Nilihesabu hiyo kuwa ndiyo. Itaniuma, lakini mtu anayefukuzwa haambiwi bei mpya. Nilitaka kumuuliza mara mbili nihakikishe, nikajizuia, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Halafu akaacha kula.

"Na leo," akasema, "mama yako anakula na nani?"

Ile chane yake aliimaliza Alhamisi. Leo ni Jumamosi. Wiki zote hizi nachunguza nani ananipunguzia chakula, na sijawahi kujiuliza siku zile nyingine, zisizo na mkungu, mama anafanya nini na chakula chake.

Nimeingia chumbani kuchukua simu. Ndoo imejaa, nimeimwaga. Mtandao uko kule kwenye mawe na mvua bado inapiga, lakini nakwenda, nitampigia sasa hivi wakati anabandika, nitakaa naye mpaka chakula kimpite.

Mama Kabula amenipa mwavuli wake. Sikumuuliza kwa nini.